Mgandamizo wa maji uko wapi, mwalimu?

SWALI: Nafundisha fizikia kidato cha tatu. Vitabu ni vya Kiingereza lakini nikitaka darasa lielewe inabidi nieleze kwa Kiswahili. Nikifika kwenye mada ya mgandamizo wa vimiminika kuna wanaouliza kama hewa nayo imo. Nahitaji neno moja la kubeba maji na hewa kwa pamoja. Je, ni vimiminika au giligili? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Giligili, mwalimu. Kimiminika kimetokana na kumimina, na maji tunamimina, mafuta ya taa tunamimina, hata uji, ila hewa sijawahi kuona mtu anaimimina kwenye kikombe. Basi kimiminika kibaki na maji na ndugu zake, gesi ibaki gesi, na chochote kinachotiririka na kufuata umbo la chombo chake, kiwe hiki au kile, ni giligili. Swali lako limeisha.

La kwangu ndo linaanza. Hiyo "mada ya mgandamizo wa vimiminika" umeipitisha harakaharaka kama mtu anayepita na kuku wa jirani kwapani, nami nimekuona. Mgandamizo gani huo? Maji yamegandamizwa na nani, lini, yakawa madogo kiasi gani?

Chukua bomba la sindano la plastiki, lile la mililita 10, sindano yenyewe toa. Vuta hewa mpaka kwenye 10, ziba tundu kwa kidole gumba, halafu sukuma kile kijiti cha ndani. Kinaingia. Ukifika kwenye 5 hewa ya ndani inasukuma kuta kwa nguvu mara mbili ya ile ya nje, jambo ambalo Robert Boyle alilichapisha tangu 1662, na ukiachia kile kijiti kinarudi chenyewe. Hewa ilikuwa 10 ikawa 5, imebanwa, imepungua nafasi, huo ndo mgandamizo na sina ugomvi nao. Sasa rudia kwa maji, ila hakikisha povu lote limetoka maana povu moja tu litakuharibia somo mbele ya watoto 60. Sukuma. Sukuma tena. Ita yule mwanafunzi wa nyuma anayecheza mpira, naye asukume mpaka kucha ziwe nyeupe. Kijiti kimegoma, maji yako palepale kwenye 10, lakini kidole kilichoziba tundu kinasikia kabisa kwamba humo ndani kuna kitu kinasukuma kutoka. Presha imepanda na mgandamizo haupo! Vitu viwili, mwalimu, na bomba la sindano la bei ya chee limevitenganisha mbele ya macho ya watu.

Na nikisema haupo nazungumzia darasani, kwa sababu kusema kweli kabisa maji nayo yanabanika, ila ukitaka kuyapunguza asilimia 1 tu unahitaji presha zaidi ya mara 200 ya hii hewa tunayoishi ndani yake. Kule Mariana, shimo la bahari la karibu kilomita 11 kwenda chini, presha inazidi ya huku juu zaidi ya mara 1,000, na bado maji ya chini kule yamebanana kwa kama asilimia 5 tu.

Halafu angalia unachomfanyia huyo mtoto. Leo ubaoni umeandika "mgandamizo wa maji kwenye kina cha mita 10 ni paskali 100,000 hivi". Wiki mbili mbele unaingia kwenye mtiririko, unataka kumpa kanuni ya Bernoulli, ile inayounganisha kasi na presha ya giligili inayotiririka, na sharti la kwanza la kanuni ile katika umbo lake la shuleni ni kwamba giligili haigandamiziki. Mtoto mwenye akili atanyoosha mkono: mwalimu, hayagandamiziki halafu yana mgandamizo? Utamwambia akae chini. Atakaa, na fizikia ataiacha palepale.

Neno lenyewe halina kosa, linatoka kwenye ganda, gandama, gandamiza, yaani kubana mpaka kitu kishikane. Kosa ni kulibebesha kazi ya mwenzake, presha. Watabiri wa hali ya hewa wakisema mgandamizo mdogo wa hewa karibu na Madagaska nanyamaza tu, kwanza hewa inagandamizika kweli, pili nimechoka kugombana na redio. Hospitali wana shinikizo la damu, wabaki nalo. Fundi wa tairi anaita upepo, anakuuliza "nitie upepo 32?" na gari linaondoka salama, huyo simgusi kabisa.

Darasani tumia kanieneo unapotoa maana, kwa sababu neno limebeba kanuni yake tumboni, kani kugawa kwa eneo, mwanafunzi akilisahau jibu atalisoma kwenye jina. Ukishatoa maana, sema presha uendelee na maisha. Wapo watakaokuambia presha ni ugonjwa wa wazee, waambie na moto ni wa kupikia lakini unaunguza nyumba. Ila mgandamizo uufungie kabatini mpaka siku ya Boyle.

Na ukiwa hapohapo nisaidie lingine, hii ya kuita oili "nzito" mnapotaka kusema inatiririka polepole. Nzito gani inayoelea juu ya maji? Neno lipo, ni mnato, linatoka kwenye kunata, zuri kuliko hata la Kiingereza, na hakuna anayelitumia isipokuwa kwenye mtihani.

Kuhusu ngeli, maana najua barua inayofuata itauliza hilo: mimi naiweka I-ZI, giligili hii, giligili hizi. Magiligili usiniletee.