Redmine: mteja anaona mradi wa mteja mwenzake

SWALI: Habari za kazi, mkuu. Ofisi yetu iko Mwanza, tunatengeneza mifumo ya mauzo na stoo kwa wateja wa nje. Kazi zote tunazipanga kwenye Redmine, programu ya kusimamia miradi, iliyo kwenye seva yetu wenyewe. Hivi karibuni tuliwafungulia wateja akaunti wafuatilie maendeleo badala ya kutupigia simu kila saa. Juzi mmoja akanipigia kuuliza kwa nini mradi wa mwenzake umetumia saa chache kuliko wake! Nimemwongezea jukumu la Reporter, ambalo lina ruhusa kidogo, lakini bado anaona kila kitu. Isitoshe, vijana wetu wanajifungia tiketi (kumbukumbu za kazi au hitilafu moja moja) kabla mkaguzi hajazipitia. Na bosi anataka nimfanye admin, yaani msimamizi wa mfumo mzima, ili asizuiwe popote. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Tuanze na hilo jukumu ulilomwongezea, maana hapo ndipo wengi hukwama. Redmine hujumlisha ruhusa, haipunguzi. Hakuna mahali pa kuandika "huyu asione hiki". Mtu mwenye majukumu mawili katika mradi mmoja anapata ya hili na ya lile kwa pamoja, na lililo kubwa ndilo linalotawala. Kwa hiyo Reporter haikumpunguzia mteja wako chochote. Ukitaka asione kitu, tafuta ruhusa hiyo anaipata kupitia mlango gani, kisha ufunge huo mlango.

Kwa maelezo yako, mlango wa kwanza ninaoushuku ni miradi yenyewe kuwa ya umma. Redmine ikishasimikwa, kila mradi mpya huzaliwa wa umma hadi mtu aseme vinginevyo. Maana yake ni kwamba yeyote aliyeingia kwa akaunti yake, hata kama si mwanachama wa mradi huo, anapewa ruhusa za jukumu linaloitwa "Non member". Na kama mlipakia mpangilio wa kuanzia unaokuja na programu, jukumu hilo linaruhusu kusoma tiketi, kuona wiki (kurasa za maelezo ya mradi), na kuona muda uliotumika. Zile saa alizokuulizia mteja zimepita hapo hapo, bila wewe kumwandika popote.

Fanya hili leo kabla ya mengine yote. Ingia kwenye mipangilio ya kila mradi, ondoa tiki kwenye "Public". Halafu nenda "Administration", "Settings", kichupo cha "Projects", ondoa tiki kwenye "New projects are public by default", la sivyo mradi utakaofunguliwa wiki ijayo utarudisha tatizo. Kwenye kichupo cha "Authentication" washa "Authentication required", maana bila hiyo hata mpita njia asiye na akaunti anaweza kusoma miradi ya umma kwa jukumu la "Anonymous". Majukumu haya mawili hayafutiki, yamejengwa ndani ya programu. Unachoweza ni kuyavua ruhusa zote, nami nakushauri uyavue.

Ukimaliza, fungua ukurasa wa wanachama wa ule mradi asiotakiwa kuuona. Jina lake likiwemo, angalia visanduku vya majukumu yake. Kisanduku kilichofifia kisichokubali kubofywa maana yake jukumu limerithiwa, ama kutoka kwenye kikundi ama kutoka kwenye mradi mama. La kikundi linaondoka kwa kumtoa mtu kwenye kikundi. La mradi mama linatokana na tiki ya "Inherit members" kwenye mradi mdogo. Ofisi nyingi huunda mradi mmoja mkubwa wa wateja, kisha kila mteja anakuwa mradi mdogo chini yake. Si vibaya, ila ukimwandika mteja kwenye ule mkubwa na tiki hiyo ipo, umemwingiza nyumba zote.

Sasa unda jukumu jipya, liite "Mteja", usiitumie Reporter tena kwa watu wa nje. Mpe kuona tiketi, kufungua tiketi na kuongeza maoni. Muda uliotumika, yaani "View spent time", usimpe kabisa. Kwenye "Issues visibility" una chaguo tatu: aone tiketi zote za mradi, aone zote isipokuwa za faragha, au aone zile tu alizofungua au alizokabidhiwa. Kama ndani ya kampuni ya mteja mmoja kuna watu kadhaa wanaofuatilia, la pili linafaa; la tatu litawafanya wafungue tiketi ileile mara mbili kwa kutojua mwenzao ameshaifungua.

Kuna kipengele kidogo wengi hukipita, "Users visibility". Kikiachwa "All active users", mteja anaweza kuona majina ya watumiaji wote wa mfumo, na hapo atajua nani mwingine ni mteja wenu. Weka "Members of visible projects". Ile kanuni ya kujumlisha inafanya kazi hapa pia: akiwa na jukumu moja tu lenye "All active users" katika mradi wowote, mlango unabaki wazi.

Maoni ya ndani ya timu yawekewe tiki ya "Private notes", na jukumu la Mteja lisiwe na "View private notes". Waambie vijana mapema, kwa sababu barua pepe ya taarifa hutoka pale pale mtu anapohifadhi. Aliyesahau tiki, ujumbe wake umeshafika kwa mteja, na hakuna namna ya kuurudisha.

Suala la kujifungia tiketi haliko kwenye ukurasa wa ruhusa, liko "Administration", "Workflow". Unachagua jukumu na aina ya tiketi, inakuja jedwali: mistari ya kushoto ni hali ambayo tiketi iko nayo sasa, nguzo za juu ni hali inayoruhusiwa kufuata. Katika mpangilio wa kuanzia, Developer (jukumu la watengenezaji) anaruhusiwa kupeleka tiketi hadi "Closed", kwa hiyo vijana wako hawajavunja sheria yoyote, mfumo umewaruhusu. Ondoa tiki zote za nguzo ya "Closed" kwa Developer, waishie "Resolved", kisha mkaguzi awe na jukumu lake lenye kutoka "Resolved" kwenda "Closed" au kurudi "Feedback". Usiishie hapo. Shuka chini ya ukurasa, kuna majedwali mengine mawili yaliyokunjwa: moja la ruhusa za ziada kwa aliyeifungua tiketi, jingine kwa aliyekabidhiwa. Ukiona tiketi bado zinafungwa baada ya kusafisha jedwali kuu, kafungue haya. Na kila aina ya tiketi ina jedwali lake. Kusafisha Bug (hitilafu) hakugusi Feature (kipengele kipya) wala Support (msaada).

Hapo hapo nikutahadharishe kuhusu lile jukumu la Mteja. Jukumu jipya huanza bila mtiririko (workflow) wowote, hivyo mtu hawezi kubadili hali ya tiketi hata ukimpa ruhusa ya kuhariri. Unapoliunda, tumia "Copy workflow from", au ingia "Workflow" uliwekee tiki mwenyewe. Jedwali likionekana tupu, ondoa tiki kwenye "Only display statuses that are used by this tracker", hali zote zitatokea.

Kabla ya kuwaambia wateja kwamba mambo yako sawa, fungua akaunti ya majaribio, ipe jukumu la Mteja kwenye mradi mmoja tu, ingia nayo kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Andika kwenye anwani namba ya tiketi ya mradi mwingine uone kama itakataa. Tafuta jina la mteja mwingine kwenye kisanduku cha kutafutia. Usijipime kwa akaunti yako ya admin, kwa sababu admin anaona kila mradi hata asipokuwa mwanachama, kwa hiyo utadhani hujafunga kitu.

Na ndiyo maana bosi hahitaji uadmin. Anachotaka ni kuona miradi yote. Unda kikundi cha "Uongozi", kipe jukumu la Manager kwenye kila mradi, hakikisha jukumu hilo halina ruhusa ya kufuta mradi, kisha mweke humo. Hata bosi naye yuko salama zaidi hivyo: admin anaweza kufuta mradi mzima na tiketi zake, na pasipo nakala rudufu ya hifadhidata hakuna pa kuurudisha. Uadmin ubaki kwa watu wawili, wewe na mwenzako wa zamu, kila mmoja na akaunti yake, si nenosiri moja la kuchangia. Mtu akiacha kazi, ifunge akaunti yake kwa "Lock", usiifute. Ukiifuta, tiketi na maoni yake yote yatasomeka kuwa ya "Anonymous", na siku mteja akiuliza nani aliahidi nini, hamtakuwa na jibu.