Kwa wanaoanza muziki wa Lisp: jifunzeni kuzima kwanza

Wengi wanaoingia kwenye Overtone, zana ya kupiga muziki kwa kuandika msimbo wa Lisp (jamii ya lugha za programu), huanza na sauti: besi nzito, kengele kali. Sauti zitakuja tu. Kitakachokuumbua mbele ya watu ni mdundo unaogoma kuzimika, au unaokatika wenyewe katikati ya wimbo. Kabla hujapanga mdundo wa pili, hakikisha ule wa kwanza unaweza kuuwasha, kuubadilisha na kuuzima pale unapotaka wewe.

Overtone ni Clojure, lugha mojawapo ya jamii ya Lisp, inayotuma maagizo kwa seva ya sauti ya SuperCollider, yaani programu inayotoa sauti zenyewe. Usitafute kitufe cha kusimamisha mdundo mmoja mmoja, hakipo. Mdundo ni fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) inayopiga, huku ikijipangia kuitwa tena:

(def metro (metronome 120))

(defn ngoma [pigo]
  (apply-by (metro (inc pigo)) #'ngoma [(inc pigo)])
  (at (metro pigo) (teke))
  (at (metro (+ pigo 0.5)) (kayamba)))

Hapo metro ni saa ya mdundo, mapigo 120 kwa dakika; teke na kayamba ni vyombo ulivyokwisha kuvitengeneza kwa definst, amri ya Overtone ya kuunda chombo. Kuwasha ni (ngoma (metro)).

Mstari wa apply-by, unaopanga mwito ujao, usomeni polepole, maana udhibiti wote umo humo. Ile alama #' inaipangia ratiba jina la ngoma, si fanksheni iliyopo sasa. Ukiiacha, mwito uliokwisha kupangwa unabeba toleo la zamani, na badiliko lako linachelewa mzunguko mzima. Kwa mzunguko wa pigo moja huenda usilisikie kosa hilo. Kwa mzunguko wa mapigo 16 utalisikia sana.

Nimeuweka mstari huo juu makusudi. Ukiwa chini, halafu chombo kikatoa hitilafu, fanksheni inaishia njiani, haijipangii tena, na mdundo unakufa. Ukiwa juu, pigo hilo moja litapotea, lakini mnyororo unaendelea nawe unarekebisha huku muziki unalia.

Sasa kuzima. Amri (stop) inanyamazisha kila kitu, hata kile ulichotaka kibaki. Hiyo iwekeni kwa dharura. Kwa mdundo mmoja, ufasili upya ukiwa mtupu:

(defn ngoma [pigo])

Mwito unaosubiri utafika, utakuta hakuna kazi, na mnyororo umekatika hapo. Njia hii inatibu pia tatizo linalowapata karibu wageni wote: kuendesha (ngoma (metro)) mara mbili. Mdundo hauanzi upya, inakuwepo minyororo miwili inayopiga pamoja, na sauti inavimba ghafla. Ukiufanya mtupu, yote miwili inakatika. Subiri pigo moja au mawili, rudisha fanksheni yako, washa mara moja tu. Mimi mistari ya kuwasha huiweka ndani ya (comment ...), ambayo Clojure huiruka, mbali na ufafanuzi, ili nikipakia faili zima isijiendeshe.

Kuhusu muda: apply-by huita fanksheni milisekunde 300 kabla ya pigo lake, ili maagizo yafike kwenye seva mapema na kila sauti ilie kwa wakati. Kwa kasi ya 120 pigo moja ni milisekunde 500. Kwa hiyo ukiendesha badiliko karibu mno na pigo, pigo hilo limeshakupita. Badiliko litasikika kwenye pigo linalofuata. Vidole vizoeeni hilo, msibonyeze mara ya pili kwa wasiwasi.

Mdundo mpya uingie pamoja na wenzake mwanzoni mwa mapigo manne:

(ngoma (* 4 (inc (quot (metro) 4))))

Midundo yote itumie metro moja. Hapo (metro-bpm metro 96) inapunguza kasi ya wote kwa pamoja.

Anayependelea Scheme, lugha nyingine ya jamii ya Lisp, atakuta mambo ni yale yale kwenye Extempore ya Andrew Sorensen, zana nyingine ya kupiga muziki kwa msimbo: kule anayepanga mwito ujao ni callback, na kuzima bado ni kufasili upya fanksheni isiyojiita tena.