Aliyelala kitandani anawezaje kuwa mmisionari?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa Newala. Tangu kiharusi kinipige upande wa kushoto siendi tena jumuiya wala kanisani. Mwezi huu wa Rozari wenzangu wanazunguka vijijini kuwatembelea watu, mimi nasali peke yangu, na moyo ni mkavu, kama naongea na ukuta. Nasikia Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu ni msimamizi wa misioni na wala hakutoka monasterini. Imekuwaje? Na sala kama hii yangu ina faida gani?

JIBU: Milele amina, mama. Pole sana kwa ugonjwa.

Nianze na huo ukuta, maana ndio unaokuuma. Teresia naye aliutaja. Siku zile za Pasaka ya mwaka 1896, kifua kikuu kilipoanza kumtoa damu, giza liliingia rohoni mwake. Aliandika kwamba imani kwake haikuwa tena pazia, bali ukuta uliofika hadi mbinguni. Giza hilo lilidumu mpaka alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Watu wengi wanadhani mtakatifu wa sala ya ndani ni mtu wa njozi na utamu. Huyu miezi yake 18 ya mwisho alisali bila kuonja chochote, akaendelea kusema "nasadiki". Kwa hiyo ukavu wako, mama, usiuhesabu kuwa dalili ya kukataliwa.

Sasa habari ya misioni. Teresia aliingia Karmeli, monasteri ya watawa Wakarmeli, ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, na hakuhama pale hadi kifo. Kabla ya hapo, mwaka 1887, alisikia habari za muuaji mmoja, Pranzini, aliyehukumiwa kifo na hataki kutubu. Akamwombea kama ndugu yake. Siku ya kukatwa kichwa, mtu yule aliushika msalaba wa padre akaubusu. Teresia alimwita mwanawe wa kwanza.

Baadaye akakabidhiwa wamisionari wawili wa kuwaombea na kuwaandikia barua. Mmoja wao, Maurice Bellière, alikuja kufanya utume Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, ng'ambo tu ya ziwa kwa sisi watu wa kusini. Nalipenda sana jambo hili: barua za binti mgonjwa wa Ufaransa zilimtia nguvu mtu aliyekuja kukanyaga udongo huu wa kwetu. Na alipokuwa hoi, akiambiwa atembee kidogo bustanini, kila hatua ilimtesa. Akasema anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani aliyechoka huko mbali.

Mwaka 1927 Papa Pius wa 11 alimfanya msimamizi wa misioni sawasawa na Fransisko Ksaveri, yule aliyesafiri hadi Japani. Kanisa halikumpa heshima ya bure.

Wewe ni wa Newala, unajua maji ya huko juu ya uwanda yalivyopatikana zamani. Mtu alishuka bondeni alfajiri, akapanda na ndoo kichwani, na mgeni aliyekunywa mchana hakujua ni nani aliyeshuka. Sala yako ni ya kushuka bondeni. Usiulize kila jioni nani amekunywa.

Jambo moja nikutahadharishe. Wapo wanaomwomba Teresia awaletee ua la waridi kama ishara, lisipokuja wanakata tamaa. Usijifunge huko. Na dawa na mazoezi ya mkono usiviache kwa kisingizio cha kumtolea Mungu mateso. Teresia alitii maagizo ya daktari.

Chagua mtu mmoja tu, kama yeye alivyomchagua Pranzini. Labda ni kijana wa jirani aliyeacha kanisa, au katekista anayezunguka kwa baiskeli msimu huu wa korosho. Fumbo moja la rozari liwe lake kila siku, hata moyo ukiwa mkavu. Kisha mtume mtu kwa mwenyekiti wa jumuiya, waje wasalie nyumbani kwako wiki moja, na mwambie paroko unahitaji Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi nyumbani. Hiyo ni haki yako, mama, usione aibu kuidai.