Projekta ikigoma kuwaka, anza na holda kabla ya globu

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza projekta za mikanda ya nyumbani, zile za milimita 8 na Super 8, niliamini kwamba mashine isiyowaka imeunguza globu. Mteja alileta yake, nikaagiza globu ng'ambo, tukasubiri wiki kadhaa. Nikaipachika: ikawaka hafifu, ikapepesa, ikazima. Nikaagiza nyingine. Ya pili ilipofanya vilevile ndipo nilipochomoa holda, yaani kishikio cha globu, nikaitazama vizuri. Bati zake za ndani, zinazobana miguu ya globu, zilikuwa nyeusi na zimelegea, na ganda la waya lilikatikia vidoleni mwangu. Globu zote mbili zilikuwa nzima.

Wewe unayeanza, chukua mfano wa globu yenye alama EFP, ya volti 12 na wati 100, ambayo utaikuta kwenye mashine nyingi. Inavuta zaidi ya ampea 8. Kwa mkondo mkubwa hivyo, ukinzani (kizuizi cha umeme) wa omu 0.2 tu kwenye holda chafu unakula karibu volti moja na nusu, na unageuka joto la zaidi ya wati 10 palepale kwenye bati. Joto huongeza weusi, weusi huongeza joto. Ndiyo maana mita inaweza kukudanganya: pima holda tupu utaona volti 12 safi. Pima tena globu ikiwa imewashwa, ncha za mita zikigusa miguu yake. Hapo ndipo volti iliyopotea itajionyesha.

Globu yenyewe ipime ikiwa imepoa na umeichomoa. Ukinzani wake wakati huo ni mdogo mno, chini ya omu moja, kwa hiyo usidhani ina shoti. Mita isiposoma kitu, uzi wa ndani ya globu umekatika.

Holda iliyoungua ibadilishe, pamoja na kipande cha waya kilichokauka, na uweke waya unaostahimili joto. Wengi huipiga msasa wakairudisha. Mimi nimeacha: bati lililopoteza ubanaji wake halirudi, na kazi itakurudia. Kama globu ni nzima na holda ni safi, fuata swichi, fyuzi, kisha transfoma.

Globu mpya ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huacha doa ambalo kwenye joto kali hudhoofisha kioo, na globu inaweza kupasuka. Ukiigusa, ifute kwa spiriti kabla ya kuwasha. Wati na volti zifuate kibandiko cha mashine. Kuongeza wati ili picha ing'ae zaidi ni kuunguza transfoma na mkanda.

Mashine zilizotoka Marekani zinataka uangalifu wa peke yake. Za zamani zina globu ya volti 120, wati 500 au hata 750, inayokula umeme wa ukutani moja kwa moja, kwa hiyo kamwe usiingize mkono kabla ya kuchomoa plagi. Kwa umeme wetu wa volti 230 au 240 lazima kuwe na transfoma ya kushusha, yenye uwezo wa kubeba globu na mota pamoja. Lakini transfoma haibadilishi hetzi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota ya induksheni, ambayo mwendo wake hufuata hetzi za umeme, ikiwa imetengenezewa hetzi 60, ikipewa 50, hupungua mwendo kwa kama sehemu moja ya sita, na kwa kuwa mara nyingi feni imefungwa kwenye mota hiyohiyo, upepo nao unapungua. Globu inapikwa taratibu huku wewe ukilaumu muuzaji.

Ukimaliza, usikimbilie mkanda wa mteja. Washa mashine nusu saa bila mkanda, sikiliza feni, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Zima taa, acha feni iendelee dakika chache, wala usiisogeze mashine globu ikiwa moto, maana uzi wake ni laini na mtikisiko mdogo huukata. Kisha pitisha kipande cha mkanda usio na kazi. Ule wa harusi ya wazazi wake, ambao hauna nakala, uje baada ya hapo.