Giaboksi Haifi Bila Sababu: Ushauri kwa Fundi Anayeanza na Magari Yenye Nguvu

Kijana anayemaliza mafunzo ya ufundi magari pale VETA Chang'ombe, au aliyeanza kama saidia fundi katika gereji za Ilala na Tabata, hufika mahali akatamani kukabidhiwa giaboksi ya gari lenye nguvu, kama vile Toyota Altezza RS200 au Subaru Impreza WRX, kwa sababu kazi hiyo humpa fundi jina na hulipa kuliko kubadilisha brekipedi. Tamaa hiyo si mbaya. Napenda tu aelewe mapema kwamba kuifungua giaboksi na kuifunga tena ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba sehemu kubwa ni kujua kwa nini iliharibika. Anayebadilisha kilichovunjika na kukiacha kilichokivunja ataiona giaboksi hiyohiyo mezani kwake kwa mara ya pili, safari hiyo bila malipo.

Kwa hiyo kazi huanzia barabarani. Kabla hujashika spana, liendeshe gari mwenyewe, mwenye gari akiwa pembeni anakuonyesha linapokwama, na uchague saa ambayo foleni imepungua ili uweze kupita gia zote. Kwanza lisikilize likiwa limesimama, injini inaunguruma, gia haijaingizwa na klachi imeachiwa: mvumo unaosikika wakati huo na kupotea unapokanyaga klachi huelekeza kwenye beringi ya shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi, au zile za kaunta shafti, yaani shafti ya pembeni inayozungushwa nayo. Mvumo unaoanza pale tu unapokanyaga klachi unatokana na rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, na huenda usiwe na haja ya kuifungua giaboksi kabisa. Kisha endesha. Katika giaboksi ya gia sita ya Altezza, ile ya J160, gia ya tano ndiyo inayopitisha nguvu moja kwa moja bila kuielemeza kaunta shafti. Kelele inayosikika katika gia nyingine na kufifia ukiingia ya tano inakuambia kwamba shida iko upande wa kaunta shafti kabla hujapandisha gari kwenye stendi.

Gia kukwaruza nako kuna lugha yake. Ikikwaruza gia moja tu, hasa ya pili au ya tatu, na hasa ukibadilisha kwa haraka, mshtakiwa wa kwanza ni ringi ya sinkronaiza ya gia hiyo, yaani ringi inayosawazisha mwendo wa gia na wa shafti kabla hazijashikana. Zikikwaruza zote, usiilaumu giaboksi bado. Kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha ingiza gia ya nyuma, ambayo katika giaboksi nyingi haina sinkronaiza. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, maana yake klachi haiachii sawasawa, na tatizo laweza kuwa hewa au uvujaji katika masta ya klachi, yaani pampu inayosukuma mafuta ya klachi, jambo linalotengenezwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Nimeona giaboksi nzima zikishushwa kwa ajili ya sili ya masta. Gia inayojiruka yenyewe unapoachia mafuta ni habari nyingine: hapo utakagua meno madogo ya pembeni mwa gia, foku (uma unaosukuma gia iingie), gololi na springi zinazoishikilia gia mahali pake, na pia raba za kushikilia injini na giaboksi, ambazo wengi huzisahau kwa kuwa ziko nje.

Ukishajua kinacholalamika, uliza gari linavyotumiwa, na uliza kwa adabu, kwa sababu kijana mwenye Altezza hatakwambia moja kwa moja kwamba huwa anashindana usiku. Injini ya 3S-GE ya RS200, kwa takwimu za kiwandani, hutoa nguvu za farasi 210 ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Gari linaloalika dereva kubadilisha gia huko juu linaipa sinkronaiza kazi ngumu, kwa kuwa joto inalolazimika kulimeza huongezeka kwa mraba wa tofauti ya mwendo kati ya gia na slivu (pete yenye meno inayosukumwa na foku kuifungia gia kwenye shafti): tofauti ikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Mwenye gari akiwa pia ameweka klachi pleti nzito zaidi ya ile ya kiwandani, ameiongezea sinkronaiza uzito wa kupunguza mwendo kila anapobadilisha gia. Impreza WRX ina tabia yake. Altezza husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na dereva akiachia klachi kwa fujo matairi huteleza na kumeza sehemu ya kishindo. Subaru hushika ardhi kwa magurudumu manne, hivyo kishindo hicho hicho huishia kwenye meno ya gia na kwenye shafti. Ndiyo maana giaboksi ya gia tano ya WRX, ikipata injini iliyoongezwa presha ya tabo, huvunja meno ya gia, wakati ya Altezza huletwa gerejini mara nyingi zaidi kwa sinkronaiza na beringi.

Sababu nyingine ni ya jiji letu la Dar es Salaam. Mvua kubwa zikinyesha na maji yakajaa Jangwani na barabara zinazopakana na Bonde la Msimbazi, gari la chini kama Altezza hupita likiwa limezama hadi tumboni. Giaboksi yenye joto inayotumbukia katika maji baridi huvuta hewa ndani, na tundu lake la kupumulia likiwa chini ya maji, itavuta maji. Fungua boliti ya kumwagia oili kabla ya kufungua kingine chochote na uitazame oili hiyo kwenye chombo safi. Oili yenye rangi ya maziwa ni maji. Chengachenga za rangi ya dhahabu ni shaba ya ringi za sinkronaiza. Vipande vya chuma unavyovihisi kwa vidole ni meno au beringi. Usiimwage mpaka umemwonyesha mwenye gari.

Kushusha giaboksi nisikuchoshe nako. Tumia jeki ya giaboksi, usiibebe kifuani, na wala usiiache ining'inie kwa shafti yake ndani ya klachi pleti, maana pleti itapinda na utazua ugonjwa mpya.

Mezani, mpangilio ndio kila kitu. Safisha ganda lote nje kabla ya kuligawa, kisha tandika boksi la katoni na uandike juu yake kila kitu kinapokaa. Kila gia inayotoka kwenye shafti ipitishe kwenye waya kwa mfuatano uleule, uso uliokuwa mbele ukabaki mbele, na kila ringi ya sinkronaiza ibaki na gia yake, kwa sababu zimekwisha kuzoeana na kuzibadilishana ni kuzipotezea mshiko. Hubu (kitovu ambacho slivu huteleza juu yake) na slivu ziwekee alama ya pamoja kabla ya kuzitenganisha. Piga picha kwa simu, lakini usitegemee picha peke yake. Picha haikuonyeshi kwamba upande mmoja wa hubu una kingo ndefu kuliko mwingine, wakati vidole vyako vinajua. Kwa Subaru, ambayo ganda lake hugawanyika pande mbili kwa urefu na humo humo mna difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele), weka alama kwenye vile vifuniko viwili vya nyuzi vya pembeni mwa difu na uhesabu mizunguko unapovifungua, kwani ndivyo vinavyoamua meno ya difu yakutane vipi.

Safisha kwa dizeli au mafuta ya taa, upulize kwa hewa, lakini beringi usiizungushe kwa hewa ya kompresa hata kama mlio wake unakufurahisha. Inazunguka bila ulainisho na inaweza kuharibika hapo hapo mkononi. Baada ya kusafisha, paka kila chuma oili nyepesi siku hiyo hiyo. Unyevu wa Dar es Salaam una chumvi ya bahari, na gia iliyosuguliwa ikaachwa kavu usiku kucha inaweza kuamka na madoa ya kutu kwenye koni, sehemu ya gia inayobanwa na ringi ya sinkronaiza, mahali ambapo kutu haina ruhusa ya kukaa.

Sasa kagua, na hapa usiwe na haraka hata mteja akipiga simu kila saa. Chukua gia na ringi yake, paka koni oili kidogo, isukume ringi kwa mkono na uizungushe: nzuri hushika na kugoma, mbovu huteleza. Ikiwa imeshika, pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) nafasi iliyobaki kati ya ringi na gia, sehemu tatu kuzunguka, huku ukiisukuma sawasawa. Nafasi hiyo katika giaboksi nyingi haifiki hata milimita mbili ikiwa mpya, na kipimo cha mwisho kinachokubalika kimo katika kitabu cha giaboksi husika. Kitafute kitabu hicho, usikisie. Ringi inapolika husogea karibu na gia, na ikifika mahali pa kuigusa haiwezi tena kubana koni, hata iwe inang'aa namna gani. Tazama pia mifereji midogo iliyochongwa ndani ya ringi, kwani kazi yake ni kuikata oili ili shaba iguse chuma; ncha za mifereji zikiwa bapa, ringi imekwisha. Wapo wanaoisaga ringi kwa pesti ya kusagia vali ili ishike. Mimi siipendi njia hiyo, kwa kuwa chembe za msasa hunasa ndani ya shaba na kuendelea kuila koni wiki zote zinazofuata.

Meno madogo ya pembeni mwa gia yachunguze kwenye mwanga wa jua. Yakiwa mapya, kila jino lina ncha iliyochongoka kama paa la nyumba, na yakichoka ncha huwa duara, au huegemea upande mmoja. Meno yaliyochoka yataiua ringi mpya utakayoweka, kwa hiyo kumwambia mteja kwamba ringi inatosha wakati gia yenyewe imelika ni kumdanganya. Foku nazo zipime unene kwenye ncha zinazogusa slivu, na ukikuta zimebadilika rangi kwa joto, jua kwamba dereva ana mazoea ya kupumzisha mkono juu ya rungu la gia.

Ukienda Kariakoo au Ilala kununua beringi, usiende na maneno, nenda na beringi yenyewe na namba yake. Katika namba za kawaida kama 6306, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita, yaani 30. 6205 itakuwa 25. Alama ya C3 ina maana kwamba nafasi ya ndani ni kubwa kuliko ya kawaida, kwa ajili ya upanukaji wa joto, na ukiletewa isiyo na alama hiyo wakati ya zamani ilikuwa nayo, irudishe. Hata hivyo beringi nyingi za giaboksi zina namba maalumu za mtengenezaji, mifereji ya saklipu (pete ya chuma inayozuia kitu kisitoke mahali pake) au unene usio wa kawaida, hivyo namba inayofanana nusu si namba inayofanana. Kama gia zenyewe zimevunjika, pengine giaboksi ya mtumba kutoka Japani itakuwa nafuu kuliko kununua gia mpya moja moja. Kabla ya kulipa, fungua boliti ya oili, shika shafti ya mbele na uitikise, ingiza gia zote kwa mkono huku ukiizungusha, na kagua ganda kama lina nyufa karibu na matundu ya boliti.

Wakati wa kufunga, kumbuka kwamba nguvu ya presi lazima ipite kwenye ringi ya beringi inayobana, ile ya ndani kama unaivalisha shafti, ile ya nje kama unaiingiza kwenye ganda. Nguvu ikipita kwenye gololi, beringi mpya imeshapigwa makovu. Beringi iliyo wazi ipashe moto hadi kama nyuzi 100, isizidi 120, nayo itaingia kwenye shafti bila nyundo. Saklipu za shafti katika giaboksi nyingi za Toyota huuzwa kwa unene tofauti: chagua ile inayoacha nafasi ndogo kabisa, kisha pima mchezo wa kila gia, yaani inavyosogea mbele na nyuma kwenye shafti, kwa fila geji au dayo geji (saa ya kupimia), kwani hapa tunazungumzia sehemu za kumi za milimita. Silikoni iwe kidogo. Ile inayobubujika nje ndiyo unayoiona. Iliyobubujika ndani itakatika na kwenda kuziba njia za oili.

Oili isichaguliwe kwa rangi ya kopo. Oili za gia hupangwa kwa madaraja kama GL-4 na GL-5, yanayoandikwa kwenye kopo. Oili ya daraja la GL-5 huwa na viambato vingi zaidi vya kuhimili mgandamizo, na baadhi yake havielewani na shaba ya sinkronaiza, kwa hiyo giaboksi inayotaka GL-4 ipewe GL-4. Subaru, kwa kuwa difu yake ya mbele huogelea katika oili ileile, inataka GL-5, mara nyingi ya unene wa 75W-90, na kuiwekea pungufu ni kuiua difu.

Gari likishatoka, mwombe mwenyewe aliendeshe kistaarabu kwa kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo, kisha alirudishe umwage oili ile. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ni wa kawaida, kwa kuwa vyuma vipya vinazoeana. Chenga zinazochoma kidole si za kawaida, na gari hilo lisiondoke siku hiyo. Spea za zamani mkabidhi katika mfuko, umwonyeshe kilichovunjika na kilichokivunja. Na kama chanzo kilikuwa maji ya Jangwani, unganisha mpira kwenye tundu la kupumulia, uupandishe hadi sehemu ya juu ya chumba cha injini, na mdomo wake uuelekeze chini.