Usinunue dawa ya kioo kwa kuangalia matone

Muuzaji wa dawa ya kupaka kioo cha gari ili maji yateleze, pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, atakuonyesha jambo lilelile: anapaka, anamwagia maji kidogo, matone yanajikusanya na kuteleza kama juu ya jani la magimbi. Inapendeza. Ila hapo ameijaribu kwa mvua. Sisi tunaolaza magari nje Matamba na vijiji vya jirani na Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, wakati wa kipupwe mvua hatuna. Tuna jalidi, ile barafu nyembamba inayoganda juu ya vitu usiku.

Na jalidi hainyeshi. Usiku ukiwa hauna mawingu, kioo hupoteza joto lake kuelekea angani mpaka kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana asubuhi unaweza kukuta kioo cheupe pe, ilhali hewa yenyewe haijafika nyuzi sifuri. Unyevu wa hewani hugandia palepale, chembe kwa chembe. Dawa inayofukuza matone itafukuza nini?

Zile kali kabisa, zinazofanya tone lisimame karibu duara, ndizo zinazonitia shaka zaidi. Nguvu yake iko kwenye vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hulibeba tone juu ya hewa. Jalidi ikijijenga katikati ya vinundu hivyo, barafu hushika kuliko kwenye kioo kitupu, na kila ukikwangua unaving'oa.

Kwa hiyo jaribu mwenyewe kabla ya kununua chupa kubwa. Safisha kioo kwa spiriti, maana mafuta na vumbi vitakudanganya, kisha paka upande wa abiria tu. Nilipofanya hivyo kwenye Noah yangu, pande zote mbili ziliganda sawasawa. Tofauti niliipata kwenye kukwangua: upande uliopakwa, ganda liliachia kwa kadi ya plastiki bila kubishana. Hiyo ndiyo faida halisi, na si ndogo kwa mtu anayeondoka alfajiri. Lakini rudia jaribio baada ya waipa kufanya kazi na gari kuoshwa kwa sabuni ya unga mara kadhaa. Yangu ilikuwa imeshakufa.

Maji ya moto usiyaguse, kioo kinaweza kupasuka. Waipa nazo usiziwashe juu ya barafu, mpira unaweza kuchanika.

Kinachonisaidia zaidi ni turubai, au hata blanketi kuukuu, kwa sababu kioo hakitazamani tena na anga. Litandaze likiwa kavu na kabla giza halijaingia. Likiwa na maji litagandana na kioo, na hapo utajuta. Fungia ncha ndani ya milango, upepo wa huku mnaujua.

Dawa iliyobaki naiweka hadi Novemba. Mvua zikianza, kila alichosema yule muuzaji ni kweli.