Gari Limeinua Pua, Nikaze Mpaka Wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio. Nimenunua trela la kulala la futi 26 kwa Mtanzania mwenzangu. Kibandiko chake kinasema likijaa lisizidi pauni 7,000. Navuta kwa Ford F-150. Nikiliunganisha, gari linalala nyuma na kuinua pua, usiku wenzangu barabarani wananimulika kwa hasira. Aliyeniuzia alinipa na hichi (hitch, chuma cha kuunganishia trela na gari) ya kugawa uzito, ile yenye nondo mbili na minyororo, akasema nikaze mpaka gari likae sawa. Nimekaza mpaka zinalia kwenye kona, bado sina raha. Tunataka kwenda Great Smoky Mountains na watoto.
Baba Neema

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Sawa kwa macho ya nani? Zipo F-150 ambazo zikiwa tupu zimeinuka nyuma kidogo, kwa hiyo ukisubiri zilale kama meza unaweza kukaza pungufu au kupita kiasi usijue. Weka macho pembeni, chukua futi ya fundi.

Shingo ya trela, yaani ule mkono wake wa mbele, inakandamiza tufe la chuma la kuunganishia lililo nyuma kabisa ya ekseli. Matokeo yake ni yale ya mkokoteni uliojazwa nyuma: mikono inapaa. Inayopaa hapa ni matairi ya mbele, yaliyobeba usukani na sehemu kubwa ya breki. Nondo zikikazwa, uzito kidogo unarudi mbele, na mwingine unakwenda kwenye ekseli za trela.

Pakia kila kitu cha safari, egesha pasipo na mteremko. Pima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, juu ya katikati ya tairi. Bila trela, tuseme umepata inchi 36. Unganisha trela bila nondo: 37 na nusu. Sasa funga nondo, pima tena. Watengenezaji wengi wa pikapu siku hizi wanataka urudishe kama nusu ya kilichopanda, maana yake hapa uwe karibu na 36 na robo tatu. Kitabu cha gari lako kina kiwango chake. Kikipingana na mimi, kifuate chenyewe. Ila usishuke chini ya 36. Hapo umeipunguzia nyuma uzito, na mvua ikinyesha kwenye mteremko, trela linaweza kuusukuma mkia wa gari pembeni mpaka vikunjane. Na barabara za Smoky ni kona na miteremko tu.

Kama hufiki kipimo, usipigane na minyororo. Kichwa cha hichi kinainamishwa: hichi nyingi za aina yako zina washa (vile vibati vya duara vyenye tundu) ndani yake, ukiongeza washa ncha za nondo zinashuka, na ukizipandisha zinabana zaidi. Baadaye bolti zake zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Trela lenyewe likae bapa au liiname mbele kidogo tu. Kabla ya kufunga minyororo, funga shingo kwenye tufe, kisha inua shingo pamoja na mkia wa gari kwa jeki ya trela. Nondo zitaingia kwa nguvu ya kawaida. Anayening'inia kwenye ule mpini wa kukazia minyororo bila jeki anautafutia mwanya wa kumvunja taya.

Kulia kwenye kona kusikutishe, ni vyuma vinasuguana. Mimi ningeangalia ukubwa wa nondo zenyewe, maana umeuziwa pamoja na trela na hujui zilinunuliwa kwa mzigo gani. Trela la pauni 7,000 linatakiwa kukandamiza tufe kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani pauni 700 hadi 1,050. Nondo zilizotengenezwa kubeba shingo ya pauni 600 hazikufai hata ukizikaza vipi.

Kisha fungua mlango wa dereva, soma kibandiko cha mzigo unaoruhusiwa. Uzito wa shingo, mama Neema, watoto na masanduku, vyote vinatoka humo. Hichi haiongezi hata pauni moja, na wauzaji wengi hawalisemi hili. Ukitaka uhakika, vituo vya malori vina mizani iitwayo CAT Scale: unalipa, unapewa karatasi ya uzito wa kila ekseli. Si mizani ya kuviziana kama ile ya barabara ya Morogoro.

SWALI: Fundi, lori likinipita trela langu linatikisa mkia. Nikaze nondo zaidi?
Dada wa Minneapolis

JIBU: Hapana, dada. Angalia ulivyopakia. Vitu vizito vikiwa nyuma ya trela, shingo inakuwa nyepesi na mkia unatafuta pa kwenda; kama asilimia 60 ya mzigo iwe mbele ya ekseli. Pima upepo wa matairi pia. Likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usizungushe usukani kulifuata: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uliotulia, kisha bonyeza taratibu breki ya trela kwa kile kidude cha mkono. Na kama una ule mkono wa msuguano wa kuzuia kuyumba, soma maelekezo yake: mingi inatakiwa kutolewa kabla ya kurudi nyuma.